Carl Akeley, muwindaji aliyezikwa chini ya mulima Mikeno

Mwaka wa 1921, treni iliyotoka Elisabethville kwenda Bukama ilibeba kikundi kidogo cha Wamarekani: mwanaume wa miaka 57, rafiki yake Herbert Bradley na bibi yake Mary, binti yao Alice wa miaka sita, na wanawake wengine wawili. Reli hiyo ni ile ile inayopita huku kwetu mu Likasi. Muji haukuwa bado umepewa jina la Jadotville, na mambo yote ya huku yalikuwa shaba. Ule mwanaume wa miaka 57 hakukuja juu ya shaba. Alikuwa anaenda mbali, kule kaskazini, kutafuta gorila wa milima, wale watu wa Kivu wanaita ngagi.

Jina lake ni Carl Akeley. Mutu huyu njo alifanya kazi kubwa ili Kongo ipate parke yake ya kwanza, ile tunaita leo Virunga, na kaburi lake liko ndani ya parke hiyo, juu kabisa, katikati ya milima miwili. Lakini kabla ya kuomba gorila walindwe, yeye mwenyewe alipanda mulima kuwaua. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli, na mutu anayesimulia moja tu anadanganya nusu.

Akeley alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano, 1864, huko Clarendon, katika jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa walimaji. Masomo yake hayakuenda mbali. Tangu ujana alipenda kazi moja ya ajabu: kuchukua ngozi ya nyama aliyekufa na kuitengeneza mupaka nyama aonekane tena sawa mwenye uhai. Zamani kazi hiyo ilikuwa kama kujaza gunia: ngozi inashonwa, inajazwa majani makavu, basi. Mwaka wa 1885, wakati tembo Jumbo, aliyejulikana dunia nzima, aligongwa na treni na kufa, kijana Akeley alikuwa kati ya watu waliomutengeneza. Kisha alienda Milwaukee, kisha Chicago, na huko akageuza kazi yote. Alianza kufinyanga kwanza mwili wa nyama kwa udongo, misuli na mishipa, kabla ya kuuvalisha ngozi. Aliweka nyama ndani ya pori lao, na majani, mawe na mbingu iliyochorwa nyuma yao. Mutu wa muji ambaye hatafika Afrika hata siku moja akasimama mbele ya kioo na kuona pori.

Hapa wacha niseme jambo moja litakalofurahisha wachimbaji wetu. Ule mutu wa ngozi za nyama njo alitengeneza masini ya kupuliza simenti ukutani. Mwaka wa 1907, ukuta wa nje wa jumba la makumbusho la Chicago ulikuwa unabomoka, na yeye akavumbua namna ya kuupakaza kwa kurusha simenti kwa nguvu ya hewa. Beto ya kupulizwa, ile inashikilia mawe ndani ya galeri za migodi duniani kote, ilianzia hapo. Alitengeneza pia kamera ya sinema inayogeuka kwa urahisi upande wowote, ili aweze kufuata nyama anayekimbia. Akili yake haikuwa inalala.

Afrika alianza kuijua mwaka wa 1896, kwa Wasomali. Huko chui alimurukia, na risasi zilikuwa zimeisha. Alimuingiza ngumi ndani ya koo, akamulalia juu, na akamuua kwa mikono mitupu. Mukono wake ulitafunwa sana. Picha aliyopigwa pembeni ya yule chui, mukono ukiwa umefungwa, inaonyeshwa hata leo. Mwaka wa 1910, juu ya Mulima Kenya, tembo alimukandamiza chini na kumuvunja mbavu na uso. Watu aliokuwa nao walifikiri amekufa, na saa nyingi alibaki chini palepale. Bibi yake wa kwanza, Delia, alipopata habari alikusanya wabebaji na kupanda kumutafuta ndani ya pori. Mutu mwingine angerudi kwao na kukaa kimya. Yeye, wakati wa kupona kitandani, alianza kuwaza jumba kubwa la nyama wa Afrika katika makumbusho ya New York. Alisema moyoni: nyama hawa wanamalizika, na siku moja hakutabaki kitu cha kuonyesha.

Mawazo hayo njo yalimuleta huku 1921. Kutoka Bukama kikundi kilishuka Lualaba kwa mashua mupaka Kabalo, kikachukua tena treni mupaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kikavuka Tanganyika kwenda Usumbura, kisha kwa miguu mupaka Kivu. Kutoka kwetu mupaka kule, hata ukienda moja kwa moja kama ndege, ni zaidi ya kilometre 1000. Mutoto Alice alifika na wazazi wake. Alipokua aliandika hadithi za mambo ya kesho na kujulikana kwa jina la mwanaume, James Tiptree, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa tuongee juu ya milima yenyewe, sababu wengi wetu huku tunajua Virunga kwa vita tu. Ni milima ya moto minane. Miwili, Nyiragongo na Nyamulagira, ingali inatoa moto mupaka leo. Mikeno imezimika zamani, inafika metre 4437, na kichwa chake ni jiwe tupu, kali, limechongoka sawa jino. Karisimbi, jirani yake, inafika metre 4507. Jina lake watu wanasema linatoka kwa isimbi, ganda dogo jeupe, juu mara mingine kilele kinaamka kimevaa weupe. Kati ya hiyo miwili kuko uwanja mudogo unaitwa Kabara, karibu metre 3100 juu.

Kupanda kule hakufanani na kupanda vilima vyetu vya Likasi. Unaanza katika mashamba. Kisha unaingia ndani ya mianzi, minene sana mupaka unatembea umeinama sawa muzee. Matope yanameza kiatu. Majani ya kuwasha yanapita ndani ya suruali. Ukitoka mwenye mianzi, unakuta miti mikubwa ya zamani, imepindapinda, na kuvu na ndevu za kijani zinaning'inia kwa kila tawi. Ukungu unashuka hata saa sita ya mchana, na usiku baridi inapenya mufupa. Yule aliyezoea joto la Bukama anaweza kulia.

Watu waliojua njia hiyo hawakuwa Wamarekani. Wenyeji walitangulia na mapanga, wakasoma nyayo na majani yaliyolaliwa, wakamuonyesha Akeley ngagi walilala wapi jana. Wabebaji walipandisha mahema, chakula, chumvi ya ngozi, kamera, na walishuka na ngozi na mifupa kichwani. Majina ya wazungu wote waliopanda tunayajua, hata ya mutoto wa miaka sita. Ya wabebaji, karibu hakuna. Wa safari zake za Kenya, tunajua kijana mumoja Mukikuyu, Wimbia Gikungu, aliyeanza naye mwaka wa 1905 na kuwa mufuata nyayo hodari. Hata huyo, vitabu vilimubatiza Bill.

Akeley aliua gorila wa kwanza juu ya Mikeno, dume la zamani, katika muteremuko mukali ambapo mutu anashika mizizi ili asianguke. Kwa jumla kikundi kilichukua gorila watano. Kati yao kulikuwa mama, na mutoto wake wa karibu miaka mine aliyechomwa mukuki na watu wa kikundi. Akeley aliona uso wa yule mutoto alipokuwa anakufa. Baadaye aliandika wazi kwamba mbele ya wale nyama alijiona sawa muuaji.

Tangu wakati wa Paul Du Chaillu, Mufaransa aliyetembea Gabon katika karne ya 19, wazungu walihadithia gorila kuwa shetani wa pori anayeshambulia kila mutu. Akeley alikaa nao, akawapiga sinema, picha za kwanza kabisa za gorila wakiishi kwa uhuru, na aliona kitu kingine: jamaa zinazokula majani, mama na watoto, dume ambaye anapiga kifua na kukupa nafasi ya kukimbia. Alirudi Marekani na neno jipya. Gorila si adui wa mutu, na wanamalizika. Tangu 1902, wakati ofisa Mujerumani Robert von Beringe aliua wa kwanza kujulikana kwa wazungu juu ya Sabinyo, kila mukubwa wa Ulaya alitaka wake. Mwaka ule ule wa 1921, kikundi cha mwana wa mufalme wa Sweden kilichukua 14. Hesabu hiyo Akeley aliielewa vizuri, sababu yeye mwenyewe alikuwa ndani ya hesabu.

Alikazana na balozi wa Ubelgiji huko Washington, akaandika barua, akaongea na wakubwa wa makumbusho. Mufalme Albert alikuwa amekwisha kutembelea parke za Marekani mwaka wa 1919, na alikuwa mutu wa kupenda milima. Kifo chake mwenyewe, 1934, kilimukuta akipanda mawe karibu na Namur. Maneno ya Akeley yalikuta sikio lililo wazi. Tarehe 21 mwezi wa ine, 1925, amri ilitolewa: milima ya Mikeno, Karisimbi na Visoke ikawa Parke ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Mwaka wa 1929 ilipanuliwa sana.

Furaha ilikuwa Brussels na New York. Kule chini ya mulima, Watwa waliowinda ndani ya mianzi na walimaji waliopeleka ngombe na kuchukua kuni waliambiwa kwamba pori si lao tena. Hakuna mutu aliyeketi nao kwanza. Mimi ninaona sehemu moja ya matata ya Virunga ilizaliwa siku hiyo, na sisi wa Katanga hatuwezi kucheka: parke ya Upemba ilifanywa 1939, ya Kundelungu 1970, na wakaaji wa pembeni yake wanauliza ulizo lile lile. Tena, makala yanayokata pori la Virunga ni ndugu ya makala yanayopika bukari yetu kila jioni.

Mwaka wa 1926 Akeley alirudi. Alikuwa ameachana na Delia, na mwaka wa 1924 alimuoa Mary Jobe, mwanamuke wa milima kweli, aliyetembea miaka mingi kwenye milima ya Canada mupaka kilele kimoja cha kule kikapewa jina lake. Alikuja na muchoraji William Leigh, sababu jumba la New York lilihitaji picha ya pahali penyewe. Mubelgiji Jean-Marie Derscheid, mutu wa elimu ya nyama, alijiunga nao kupima mipaka ya parke mupya na kuhesabu gorila. Mara hii bunduki haikuwa kazi ya kwanza.

Lakini mwili wa Akeley ulikuwa umechoka. Safari ya Tanganyika na Kenya ilikuwa imemuangusha, na aliugua mu Nairobi. Wengine wangebaki. Yeye alipanda motokari kupitia Uganda, kisha kwa miguu mupaka Rutshuru, na akaanza kupanda mulima. Alitaka kuona tena Kabara, pahali alipopaona miaka mitano mbele na kupapenda kuliko fasi yote ya dunia. Njiani nguvu zilimuacha. Wabebaji walimubeba kwa machela, ndani ya mianzi, ndani ya matope, wakipokezana mabega pahali hata mutu mwenye mikono mitupu anateleza. Walimufikisha Kabara. Homa na kuhara damu vilimumaliza kwa siku chache, tarehe 17 mwezi wa 11, 1926. Alikuwa na miaka 62.

Walimuzika palepale. Kuchimba kaburi ndani ya mawe ya volkano ni kazi tunayoielewa sisi watu wa migodi, na waliifanya wenyeji na wabebaji, ndani ya baridi. Kilele cha Mikeno kiko juu ya kaburi, na Akeley hakukifikia hata mara moja.

Mary Jobe hakushuka. Alibaki juu kwa majuma, akisimamia kazi: majani yakakatwa na kukaushwa, maua yakapigwa picha, udongo ukachukuliwa, na Leigh akachora milima ya moto inavyoonekana kutoka huko. Vyote vilipelekwa New York. Jumba la nyama wa Afrika lilifunguliwa tarehe 19 mwezi wa tano, 1936, siku ambayo Akeley angetimiza miaka 72, na lina jina lake. Gorila wa 1921 wako pale mupaka leo. Dume anasimama akipiga kifua, na nyuma yake Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi. Watoto wa shule wa New York wanaona Kivu kila siku, wakati mutoto wa Likasi haijui.

Kabara haikusahauliwa. Mwaka wa 1959 George Schaller, Mumarekani kijana, alikuja kukaa pale na kuangalia gorila bila bunduki, na utafiti wake ulithibitisha tabia ya upole aliyoisema Akeley. Dian Fossey aliweka hema palepale mwanzoni mwa 1967. Miezi michache baadaye, matata ya inchi yalimutosha, akavuka upande wa Rwanda, na huko aliuawa 1985. Derscheid alipata mwisho mubaya zaidi: wakati wa vita ya pili ya dunia alipinga Wanazi huko kwao Ubelgiji, wakamuua mwaka wa 1944. Parke ilichukua jina la Virunga mwaka wa 1969, na mwaka wa 1979 UNESCO iliiweka katika urizi wa dunia. Gorila wa milima, ambao wengi waliwaza hawatafika mwaka wa 2000, walihesabiwa tena katika miaka hii ya karibu: 1063, ukijumlisha Virunga na pori la Bwindi upande wa Uganda. Hesabu hiyo imelipiwa. Walinzi wa parke zaidi ya 200 wamekufa kazini, na wengi wao ni vijana wa vijiji vya chini ya ile milima, wajukuu wa wale waliobeba mizigo.

Mary Jobe alikufa mwaka wa 1966. Kaburi la bwana yake halikupata amani. Karibu na mwisho wa miaka ya 1970 wezi walilifungua na kuiba mifupa. Baadaye mwanamuke Mumarekani aliyeandika maisha ya Akeley alipanda Kabara pamoja na watu wa parke, na wakalitengeneza upya. Siku hizi vita imefunga njia, na wanaofika pale ni walinzi, watu wenye silaha, na ngagi wenyewe.